Kompyuta ya Nyumbani Inayojizima Ghafla: Namna ya Kutafuta Kasoro Kabla ya Kumwita Fundi

Kompyuta ya mezani inapozimika ghafla katikati ya kazi, wengi wetu hapa Tanga huifunga nyuma ya baiskeli au kuipakata kwenye bodaboda na kuipeleka kwa fundi, na mafundi wengi, kabla ya kuuliza lolote, huanza kwa kupiga Windows upya, yaani kufuta na kuweka tena programu kuu inayoendesha kompyuta. Ikiwa kasoro ilikuwa kwenye umeme wa nyumba au kwenye feni iliyojaa vumbi, kompyuta itarudi na Windows mpya, pengine bila mafaili iliyokuwa nayo, na itazimika tena wiki ileile. Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye si fundi, lakini ana bisibisi ya nyota, daftari na subira ya siku chache, ili ajue kasoro iko upande gani kabla hajatoa pesa.

Kabla ya kugusa chochote, nakili mafaili yako muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Kila mara umeme unapokatika wakati diski inaandika, faili linaweza kuharibika, na kompyuta ambayo leo inajizima kila saa inaweza kesho isiwake kabisa. Ikiwa inakaa dakika kumi tu, zitumie dakika hizo kunakili, halafu ndipo uanze uchunguzi.

Kinachofuata ni kuangalia inazimikaje, kwa sababu namna ya kuzimika ndiyo inayotenganisha kasoro moja na nyingine. Iko kompyuta inayokatika papo hapo: skrini nyeusi, feni kimya, taa ya mbele imezimika, kama vile mtu amechomoa waya ukutani. Hiyo inaelekeza kwenye umeme wa nyumba, kwenye pawasaplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme), au kwenye joto lililopita kiasi. Iko inayozimika na kuwaka tena yenyewe, mara nyingine baada ya skrini ya buluu yenye ujumbe wa kosa kutokea na kupotea kabla hujaisoma. Hapo washukiwa ni rami (vipande vya kumbukumbu ya muda), draiva za vifaa (programu ndogo zinazoendesha kila kifaa), na vilevile umeme unaokatika kwa muda mfupi sana kisha ukarudi. Na iko inayozima kwa utaratibu wake, ikafunga programu moja baada ya nyingine na kuonyesha ujumbe kwamba inazima. Hiyo imepokea amri kutoka mahali fulani, na kazi yako ni kutafuta aliyeitoa.

Kwa hiyo weka daftari kando ya kompyuta, na kila inapozimika andika saa, ilikuwa imewashwa kwa muda gani, ulikuwa ukifanya kazi gani, ni vyombo gani vingine vya umeme vilikuwa vikifanya kazi nyumbani, na kama ilikubali kuwaka tena mara moja au ilikataa mpaka ipumzike. Wengi hulidharau daftari hili, nami naliona lina thamani kuliko kifaa chochote cha kupimia utakachokodi. Mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora, anayechapa mitihani nyumbani, alikuwa amepigiwa Windows zaidi ya mara moja bila mafanikio. Alipoanza kuandika saa, ikaonekana kwamba kompyuta ilizimika asubuhi na alasiri, haikuzimika usiku hata siku moja, na siku ya Ijumaa ilitulia tangu watu walipokwenda msikitini hadi baada ya chakula cha mchana. Nyuma ya ukuta wake palikuwa na karakana ya kuchomelea mageti. Kila mashine ya kuchomelea ilipoanza kazi, umeme wa laini yao ulishuka, na kompyuta ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko vyombo vyote vya nyumba ile. Hakuna Windows ambayo ingeweza kuponya hilo.

Anzia ukutani

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Pawasaplai, yaani lile boksi la chuma lililo nyuma ya kompyuta ambalo waya wa umeme huingia, hupokea umeme huo na kuugeuza kuwa volti ndogo za 12, 5 na 3.3 ambazo vifaa vya ndani vinazihitaji. Pawasaplai ya kawaida, ikiwa nzima, inaweza kuvumilia kukatika kwa umeme kwa takribani sehemu 16 za elfu za sekunde, muda usiofika hata mzunguko mmoja wa umeme wetu. Mkatiko unaozidi hapo unatosha kuiangusha kompyuta, hata kama wewe uliyeketi sebuleni umeona taa ikipepesa tu na feni ya juu haikuonyesha kwamba kuna lililotokea. Ndiyo maana hoja ya kwamba umeme haukukatika kwa kuwa taa hazikuzimika haitoshi kuuondolea umeme lawama.

Namna rahisi ya kuupima bila kifaa ni kuweka taa ya mezani kwenye ekstensheni ileile inayolisha kompyuta na kuiacha ikiwaka muda wote unapofanya kazi. Kama unaweza kupata globu ya zamani yenye waya ndani, tumia hiyo, kwa sababu globu za LED zina sakiti ndani yake inayosawazisha mwanga, na umeme unaweza kushuka sana bila kuonyesha dalili. Globu ya waya hufifia mara volti zinaposhuka. Ukiona imefifia au imepepesa sekunde ileile kompyuta ilipozimika, umekwisha kujua upande wa kutafuta. Ikiwa kompyuta imezimika huku globu ikiwaka vilevile, endelea mbele.

Angalia pia kinachoshiriki soketi hiyo. Friji, pampu ya maji, pasi na birika la umeme havifai kukaa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, hasa friji na pampu, kwa kuwa mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo, na kwa sekunde hiyo wenzake hubaki na umeme pungufu. Chomoa kompyuta hapo, iunganishe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ya chumba kingine, na uitumie hivyo siku mbili au tatu. Kama haikuzimika, irudishe ilipokuwa uone kama itazimika tena. Mabadiliko yakifuata soketi, kasoro haimo ndani ya kompyuta.

Ekstensheni yenyewe inastahili kukaguliwa kwa mkono na kwa jicho. Izime ukutani, ichomoe, kisha tazama matundu yake: alama ya kahawia, plastiki iliyolainika au harufu ya kuungua ni dalili kwamba vibati vya ndani vimelegea na havishiki miguu ya plagi. Ekstensheni za bei ya chini hulegea upesi, na hapa pwani vibati hivyo hushika kutu kwa sababu ya hewa ya chumvi. Fanya vivyo hivyo kwa waya unaoingia nyuma ya kompyuta, kwa kuutikisa polepole kompyuta ikiwa imewashwa lakini hujafungua kazi yoyote; ikizimika kwa kutikiswa, badilisha waya huo kwanza, kwani ni wa bei nafuu na unapatikana karibu kila duka la vifaa vya umeme. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta ukahisi mtekenyo kwenye vidole, basi waya wa ardhi wa nyumba yako haufanyi kazi au haupo. Hilo si lazima liwe ndilo linaloizima kompyuta, lakini ni hatari kwa watu wa nyumbani, na linamhitaji fundi umeme, wala fundi kompyuta hahusiki nalo.

Wenye UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoipa kompyuta umeme wa akiba, huwa na uhakika kwamba wao umeme hauwahusu. Ukweli ni kwamba UPS iliyozeeka ni mojawapo ya sababu kubwa za kompyuta kujizima. Nyingi za nyumbani zina betri moja ya risasi ya volti 12, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 5 katika chumba cha nyuzi 25 za Selsiasi, na maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Chumba cha Ngamiani chenye paa la bati lisilo na dari, mwezi wa Februari, si mahali pa kutegemea betri hiyo ifike miaka mitano. Betri ikishakufa, UPS inaweza kuendelea kuonyesha taa ya kijani kana kwamba ni nzima, mpaka umeme utakaposhuka kidogo. Hapo hujaribu kuhamia kwenye betri, haikuti kitu, na hukata kompyuta kwa mkatiko ambao pengine kompyuta yenyewe ingeuvumilia. Kuipima, hifadhi kazi zako, funga programu zote, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri imekwisha. Nunua betri ya kipimo kilekile kilichoandikwa ubavuni mwa ile ya zamani, na wakati unasubiri kuinunua, iondoe UPS katikati uone kama kompyuta inatulia.

Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, husaidia pale umeme unaposhuka polepole, kwa mfano jioni watu wote wanapopika na kupiga pasi, lakini haina akiba yoyote ya umeme, na kwa mkatiko mfupi haina la kufanya. Mwalimu wa Makorora hakuponywa na stabilaiza. Aliponywa na UPS yenye betri mpya, na nyumba yake ikaomba laini yao ikaguliwe na shirika la umeme.

Joto, vumbi na hewa ya chumvi

Umeme ukishatolewa shaka, mshukiwa wa pili ni joto, na kwa mji wetu nadhani ndiye mshukiwa anayepatikana na hatia mara nyingi zaidi. Prosesa, yaani kifaa kinachofanya mahesabu yote ya kompyuta, hufanya kazi huku ikitoa joto jingi kwenye eneo dogo sana, na juu yake hukaa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi membamba na feni inayopuliza hewa kati ya mapezi hayo. Prosesa nyingi za kompyuta za nyumbani hupunguza mwendo zenyewe zinapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi ili zisiungue, na joto likiendelea kupanda hata baada ya hapo, mfumo hukata umeme mara moja bila onyo wala ujumbe. Kujizima huko ni kinga. Anayelalamika kwamba kompyuta inamzimia kazi hajui kwamba inajiokoa.

Dalili za joto zina mpangilio wake. Kompyuta huanza kuwa nzito, feni hulia kwa nguvu, kisha inazimika, na mara nyingi hutokea wakati wa kazi nzito kama kutazama video, kucheza gemu au kuhariri picha. Ukiiwasha mara moja, hukaa muda mfupi zaidi kuliko mara ya kwanza, na ukiiwasha tena, mfupi kuliko huo. Ukiiacha ipoe nusu saa, inarudi kukaa kama mwanzo. Muda unaopungua hivyo ni ushahidi mzuri sana, kwa sababu kasoro ya umeme haijali kama kompyuta imepumzika au haikupumzika. Ushahidi mwingine ni wa majira: kompyuta iliyotulia wakati wa kusi, ikaanza kusumbua kaskazi ilipoingia, kati ya Desemba na Machi, karibu kila mara ina tatizo la kupoza.

Unaweza kuthibitisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni programu ya kusoma joto, kama HWMonitor au Core Temp, ambazo hupatikana bure. Kompyuta isiyo na kazi ikisoma nyuzi 40 au 50 katika chumba chetu chenye joto si ajabu, lakini ikisoma 70 bila kazi yoyote, au ikipanda hadi 95 dakika chache baada ya kufungua video, jibu umelipata. Ya pili haihitaji programu: zima kompyuta, fungua jalada la ubavuni, elekeza feni ya mezani ndani yake, kisha iwashe na uitumie. Ikikaa saa nyingi kuliko kawaida yake, joto ndilo. Usiifanye njia hii kuwa matibabu ya kudumu, kwa sababu boksi lililo wazi hualika vumbi jingi zaidi, pamoja na mijusi.

Kuisafisha ni kazi ya nusu saa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani ushuke. Ipeleke uani au barazani, ilaze kwa ubavu, ondoa skrubu mbili au tatu za nyuma na uvute jalada. Kwenye kompyuta iliyokaa miaka miwili bila kufunguliwa, sogeza uso uangalie chini ya feni ya prosesa, kati ya feni na mapezi. Utaona vumbi halikukaa kama unga. Limeshikana likawa tabaka la kijivu lililofumwa kwa nyuzi za nguo, nywele na unyevu wa bahari, na limeziba mapezi kiasi kwamba feni inazunguka kwa nguvu zake zote juu ya mlango uliofungwa. Tabaka hilo halitoki kwa kupuliza kwa mdomo, na mate hayafai kuingia humo. Ondoa feni kwa kufungua skrubu au vibanio vyake, livute tabaka kwa brashi laini ya rangi iliyo mpya na kavu, halafu puliza mapezi kwa pampu ya baiskeli, kifaa ambacho katika mji huu hakuna nyumba itakayokikosa. Unapopuliza feni yoyote, ishike isizunguke, kwa kuwa kuzungushwa kasi kwa upepo wa nje huharibu beringi zake na kunaweza kurudisha umeme kwenye bodi kuu inayobeba vifaa vya ndani. Safisha pia matundu ya hewa ya mbele na ya nyuma, na ya pawasaplai kwa nje tu.

Kisha izungushe feni kwa kidole. Iliyo nzima huzunguka kwa wepesi na kusimama polepole. Inayokwama, inayoyumba au inayolia inahitaji kubadilishwa, na mafuta ya cherehani yanayowekwa na baadhi ya mafundi huinunulia wiki chache tu. Ikiwa umelazimika kuling'oa pande la alumini lenyewe, au joto halikushuka baada ya kusafisha, kuna pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na alumini ambayo hukauka na kupasuka baada ya miaka. Ifute yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti, subiri pakauke, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko katikati ya prosesa, na urudishe pande la alumini ukikaza skrubu zake kwa mshazari. Kuweka pesti nyingi hakuongezi ubaridi.

Mahali pa kuweka kompyuta pana uzito uleule. Isikae ndani ya kabati la meza lililofungwa, isikae sakafuni kwenye chumba kinachofagiliwa kila siku, wala mgongo wake usigusane na ukuta. Nyumba za Raskazone na sehemu nyingine zilizo karibu na maji hupata upepo mzuri, lakini upepo huo huja na chumvi, kwa hiyo kompyuta isiwekwe mbele ya dirisha linaloelekea baharini. Na lile pazia dogo la kitambaa tunalofunika kompyuta kwa heshima, litumike tu ikiwa imezimwa na imepoa.

Kumbukumbu ambazo kompyuta huandika yenyewe

Windows huweka daftari lake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika eventvwr.msc, kisha Enter. Upande wa kushoto fungua Windows Logs, halafu System, na utafute saa ulizoziandika. Tukio namba 1074 lina maana kwamba kuna mtu au programu iliyotoa amri ya kuzima, na jina lake limeandikwa humo. Mara nyingi utakuta ni masasisho ya Windows yaliyotaka kuwasha upya, na dawa yake ni kupanga saa za kazi kwenye mipangilio ya masasisho. Tukio namba 6008 husema kwamba kuzimika kwa mara iliyopita hakukutarajiwa. Namba 41, inayoandikwa na sehemu ya Windows iitwayo Kernel-Power, ndiyo inayowatia watu hofu, kwa kuwa wameisoma mahali kwamba ina maana pawasaplai imekufa. Namba hiyo inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa vizuri, haitaji sababu. Lakini ukiifungua na kutazama maelezo yake, utaona thamani ya BugcheckCode, yaani namba ya kosa. Ikiwa ni sifuri, Windows haikupata nafasi ya kuandika kosa lolote, jambo linalolingana na umeme kukatika au joto. Ikiwa si sifuri, skrini ya buluu ilitokea, na namba hiyo ina maana yake: 26 huhusu usimamizi wa kumbukumbu, na 292 huhusu hitilafu ya kifaa chenyewe.

Ili uisome skrini ya buluu kabla haijapotea, andika sysdm.cpl kwenye kisanduku kilekile cha Windows na R, nenda Advanced, kisha Settings ya sehemu ya Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye Automatically restart. Mara nyingine itakapotokea itasimama, nawe uipige picha kwa simu.

Jaribio moja hutenganisha programu na vifaa. Washa kompyuta, ingia kwenye ukurasa wa BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, kwa kubonyeza Delete, F2 au F10 kufuatana na aina yake, na uiache hapo bila kufungua Windows. Ikizimika ikiwa hapo, Windows haihusiki, na mtu yeyote atakayekuambia ipigwe upya anakupotezea pesa. Kurasa nyingi za BIOS pia huonyesha joto la prosesa na volti za pawasaplai, kwa hiyo unapokuwa humo soma namba hizo na uziandike.

Pawasaplai na rami

Katika namba ulizoziandika kutoka BIOS, volti ya 12 inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5, yaani ibaki kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 ibaki kati ya 4.75 na 5.25. Namba zikiwa nje ya hapo, au zikiyumba mbele ya macho yako, pawasaplai imechoka. Namba zikiwa sawa bado haijawa safi, kwa kuwa udhaifu wake unaweza kutokea pale tu inapobeba mzigo, na ndiyo maana kompyuta inayozimika kila gemu linapofunguliwa, huku joto likiwa la kawaida, humwelekeza mtu kwenye boksi hilo. Njia ya uhakika ni kuazima nyingine nzima na kuijaribu kwa siku kadhaa.

Usiifungue pawasaplai. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na hakuna cha kutengeneza humo kinachostahili hatari hiyo. Kapasita unazoruhusiwa kuzitazama ni zile zilizo kwenye bodi kuu, vile vimtungi vidogo vilivyosimama karibu na prosesa: kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kilichovimba, au chenye ute wa kahawia uliokauka, kimekwisha, na fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu anaweza kukibadilisha.

Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua hapa ni zile za maofisi, za Dell na HP, na tahadhari moja inazihusu. Matoleo mengi ya kampuni hizo hutumia pawasaplai zenye umbo au viunganishi vyao wenyewe, hivyo ile ya kawaida ya dukani inaweza isiingie kwenye boksi au isiungane na bodi. Nenda dukani na namba ya toleo iliyobandikwa ubavuni mwa ile ya zamani. Na ikiwa pawasaplai ina swichi ndogo yenye maandishi 115 na 230, hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuiwasha.

Rami ni kazi nyepesi. Kompyuta ikiwa imechomolewa, gusa chuma cha boksi ili umeme tuli wa mwili utoke, fungua vibanio, toa vipande vya rami, futa miguu yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki, na uvirudishe mpaka vibanio vifunge kwa mlio. Kwenye hewa yetu ya chumvi, kufuta huko pekee huponya kompyuta nyingi zinazowaka upya zenyewe. Ikiendelea, andika mdsched.exe kwenye kisanduku cha Windows na R ili ipimwe, au ukiwa na vipande viwili, tumia kimoja kimoja kwa zamu mpaka ujue kilicho kibovu.

Kwa kompyuta mpakato, mengi ya hapo juu yanabaki vilevile, isipokuwa betri na chaja huchukua nafasi ya pawasaplai. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, na linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Chaja iwe ya volti ileile na isiwe na wati pungufu kuliko ile ya asili. Kompyuta yenyewe isitumiwe juu ya godoro wala juu ya kanga iliyokunjwa, kwa sababu matundu yake ya hewa yako chini. Betri iliyovimba iache kutumika siku hiyohiyo.

Unapompelekea fundi

Yako mambo ambayo hufiki, kama kuungua kwa bodi kuu, na hapo fundi ni wa lazima. Nenda na daftari lako, na useme ulichokwisha kujaribu. Mzee mmoja wa Chumbageni alifika kwa fundi wake, na baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, hii inazimika hata ikiwa kwenye BIOS, joto lake sitini, na kwa jirani inazimika vilevile. Naomba usipige Windows, nijaribie pawasaplai." Kijana akacheka, akasema, "Mzee, umenipunguzia kazi ya siku nzima," na akaenda kuchukua pawasaplai rafuni.

Kabla ya kulipa, omba iwashwe hapohapo dukani ikiwa imefungwa jalada lake, kwa sababu iliyo wazi hupoa kuliko itakavyokuwa nyumbani, ifunguliwe video ndefu au kazi ileile iliyokuwa ikiizima, na uketi uisubiri kwa muda unaozidi ule ambao daftari lako linaonyesha ilikuwa ikikaa. Kifaa kilichobadilishwa ondoka nacho pamoja na risiti ya kile kipya. Ukifika nyumbani, irudishe kwenye soketi uliyokwisha kuipima, na uendelee kuandika saa kwa wiki mbili zaidi.